Upepo Uliotolewa Njiani

Gari la baba yake alilisikia kabla hajaliona. Wengine husikia honi, wengine husikia injini. Yeye alisikia matairi. Yalikuwa yakiikanyaga lami kwa sauti nzito ya uvivu, fwap, fwap, fwap, kama mtu mnene anayetembea na ndala zilizolowa maji. Alikuwa amechuchumaa kando ya lori la saruji, geji ya kupimia upepo mkononi. Akageuza shingo kutazama barabarani.

"Nani huyo anakuja na matairi yaliyochoka hivyo?" aliuliza muuza mafuta, yule waliyembandika jina la Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Baba yangu."

"Basi sijasema kitu," Redio akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyamaza.

Madereva wa njia ile walimwita Bi Geji. Wengi hawakujua jina lake jingine, na yeye hakuona haja ya kuwatajia. Kituo chao kilikaa juu kabisa ya mteremko, mahali barabara inapojinyoosha kwa mara ya mwisho kabla ya kujitupa bondeni. Palikuwa na pampu nne za mafuta, duka la maji na biskuti, choo kimoja chenye foleni ya kudumu, na kibanda chake cha bati. Ndani ya kibanda kulikuwa na kompresa ya kujazia upepo, mashine ya kuvulia matairi, na diploma yake ya ufundi wa magari iliyoning'inia kwenye msumari, kioo kimeingia vumbi. Nje aliegemeza ubao alioandika kwa mkono wake mwenyewe, rangi nyekundu: PIMA KABLA HUJASHUKA.

Kutoka hapo kwenda chini zilikuwepo kona thelathini na saba. Siku ikiwa tulivu, kishindo cha ajali ya kona za juu kilifika kituoni kikiwa kimeshapoa, kama mtu aliyefunga mlango nyumba ya pili. Watu waliinua vichwa, wakatazamana, kisha wakasubiri kuona kama winchi, lile gari la kuvuta magari yaliyoanguka, itapita. Wiki ile winchi ilikuwa imepita mara mbili. Na siku hiyo ilikuwa tulivu. Hata bendera ya kampuni ya mafuta ilikuwa imejikunja kwenye mlingoti wake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Gari likaingia kituoni likiyumba kidogo kwa nyuma. Lilikuwa lile lile gari la familia, jeupe, refu la mgongo, lililopakiwa mpaka paa. Baba yake akashuka. Shati limepigwa pasi hata mikono, kofia imekaa sawasawa. Miaka arobaini alikuwa ameendesha malori na kustaafu bila kuua hata kuku, na jambo hilo hakuna mtu aliyekaa naye zaidi ya robo saa ambaye hakulijua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Tujazie maji tu ya rejeta, hatukai. Daktari anafunga kupokea watu saa tisa kamili."

Ilikuwa saa sita na nusu. Kwenda chini hadi hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili, ukiendesha kwa adabu. Mama yake alikuwa kiti cha mbele na miwani myeusi. Kiti cha nyuma alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa anakwenda kumwuguza mkwe wake, na mtoto wa miezi minne amelala kifuani. Nyuma yao walipakia godoro, jiko, ndoo mbili, galoni la maji na begi la nguo, maana hospitali ile mgonjwa analala kitandani na ndugu anayemwuguza anajitegemea.

"Mama, shikamoo. Jicho linaendeleaje?"

"Marahaba. Limekuwa na dharau, mwanangu. La kushoto siku hizi linaniletea watu nusu nusu. Jana baba yako aliingia chumbani hana mabega." Mama akacheka kidogo. "Daktari anasema presha ya jicho imepanda, isiposhushwa leo litazima. Mimi nina upepo mwingi jichoni, nyinyi mna upepo mwingi kichwani. Familia imejaa."

Daktari huyo wa macho alikuja mara moja kila miezi mitatu. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya siku hiyo, namba kumi na nane. Lilikuwa limesubiri tangu mvua zilizopita.

Bi Geji akacheka na mama yake, lakini mkono wake ulikuwa umeshashuka kwenye tairi la nyuma kushoto. Akauondoa upesi kama aliyegusa sufuria.

"Baba, haya matairi ni ya moto."

"Sasa ulitaka yawe ya barafu? Tumetoka nyumbani alfajiri, jua hili."

"Umesimama wapi na wapi?"

"Mara tatu," baba akasema kwa fahari. "Mimi si hawa wa siku hizi wanaokimbiza gari mpaka linalia. Kila nikisimama, napima. Nakuta yamepanda: thelathini na sita, thelathini na saba. Natoa. Nayarudisha thelathini na moja. Pima wewe mwenyewe uone kama nimekosea."

Akapima. La mbele kulia, thelathini na moja. La mbele kushoto, thelathini na moja. La nyuma kulia, thelathini na mbili. La nyuma kushoto, thelathini na moja.

"Soma kwa sauti," baba akasema, mikono kiunoni. "Na hao wenzako wasikie."

Kama geji ingesoma kumi na tano, angeshinda bila neno. Lakini geji ilisoma vizuri, na ilikuwa nzima, haina ubovu wowote. Namba ilikuwa ya kweli. Saa ya kuipima ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Tairi hupimwa asubuhi, likiwa baridi, kabla halijatembea. Likitembea linapata joto, na likipata joto upepo ulio ndani unavimba na geji inapanda. Hilo si kosa. Waliolitengeneza walilipigia hesabu joto hilo tangu kiwandani. Ukilitoa upepo likiwa la moto, unalinyang'anya haki yake. Litakimbia likiwa legelege, mbavu zake zitakunjika na kukunjuka maelfu ya mara, na kule kukunjika kutazaa joto jingine. Geji itapanda tena. Utasimama tena, utapima, utatoa. Na kila mara geji itakuambia uko sawa, mpaka isikuambie tena kitu.

Akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibandiko kilichofifia. "Soma hapa, Baba. Mbele thelathini na mbili, nyuma thelathini na sita ukiwa na mzigo. Likiwa baridi. Haya yako yakipoa yatasoma ishirini na moja, ishirini na mbili. Na umepakia nyumba nzima."

"Lakini hayajapoa."

"Hayajapoa kwa sababu yanaungua."

"We mtoto," baba akatabasamu kwa ajili ya watazamaji, "nilikuwa natoa upepo kwenye matairi wewe hujaanza hata kutambaa. Haya, kama roho yako haitulii, ongeza hivyo viwili vitatu unavyovitaka, twende zetu."

Kuongeza kungekuwa rahisi. Alishika hata mpira wa kompresa. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa na tabia yake. Kabla hajajaza tairi lolote ulipita kwanza kwenye mbavu zake, nje na ndani, kama daktari anayepapasa tumbo. Nje ya tairi la nyuma kushoto ukakuta mstari uliochubuka, umezunguka tairi zima, laini kama umepigwa msasa. Akalala chali kwenye sakafu, akaingiza mkono kwa ndani, upande usioonekana.

Ulikuwepo uvimbe. Mdogo, wa nusu ndimu. Wa moto kuliko sehemu nyingine zote, na mlaini ukiubonyeza, kama shavu la mtoto anayeota jino.

Akabaki amelala pale chini ya gari kwa muda mfupi, akisikiliza. Juu yake, sentimita chache tu kutoka pale alipoweka kidole, wifi yake alikuwa anamwimbia mtoto kwa kuguna.

Akatoka chini ya gari. "Baba, hili haliendi popote. Limekufa mbavu. Nikilijaza litapasuka, nisipolijaza litapasuka. Toa spea tulifunge sasa hivi, dakika kumi."

Wifi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, dirishani. "Spea tumeiacha nyumbani, wifi. Godoro lilikuwa halipati nafasi."

"Mmeacha spea kwa ajili ya godoro?"

"Nilalie nini sasa, sementi?"

Bi Geji akageukia kibanda chake, ingawa alijua kila tairi lililomo. Matairi tisa ya malori, mawili ya trekta, na moja la gari dogo ambalo rimu yake isingeingia hata kwa maombi. Duka la karibu lenye saizi ile lilikuwa mwendo wa saa nzima, nyuma walikotoka.

"Subirini basi. Pikapu ya vitunguu inashuka saa nane na nusu, namjua dereva wake, hana haraka za kijinga. Mama atakaa mbele."

"Saa nane na nusu, afike saa kumi na nusu, amkute daktari kwenye picha ukutani," baba akasema. "Na tangu lini mke wangu akabebwa na vitunguu wakati mimi nina gari na mikono miwili? Mama, mwambie binti yako."

Mama akageuza uso kuelekea zilikotoka sauti zao. Nyuma ya miwani ile haikujulikana anamtazama nani. "Mimi siwaoni vizuri nyote wawili," akasema. "Nitakwenda na baba yako. Hajawahi kuniangusha."

Mpaka hapo madereva watatu wa malori walikuwa wameshasogea, wale watu wasioweza kupita kando ya boneti iliyofunguliwa bila kutoa rai. Baba akawaona, na Bi Geji akamwona baba akiwaona, akajua kinachofuata. Hadithi ya Pacha.

Pacha hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba wa ujana, na watu waliwaita hivyo kwa sababu ukimwona mmoja hukukosa kumwona mwingine. Waliajiriwa siku moja, wakapewa malori mawili yanayofanana, wakasafiri miaka sita mmoja mbele mmoja nyuma.

"Ndugu zangu, mnaniona mzee natoa upepo, mnadhani nimechanganyikiwa," baba akaanza, na sauti yake ikashuka kama inavyoshuka kila mara akifika hapo. "Mteremko huu huu. Jua la saa saba. Tulisimama juu kule mtoni, nikapima, nikakuta matairi yamepanda, yamekuwa magumu kama jiwe. Pacha alikuwa anaumwa goti, hawezi kuchuchumaa. Nikatoa yangu, nikaenda nikamtolea na yake. Lakini nilifanya haraka. Nilimtolea kidogo mno. Kona ya tisa, tairi la mbele likampasukia mbele ya macho yangu. Nilimwona akishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa ananitazama kwenye kioo chake. Basi tangu siku hiyo mimi upepo mwingi nauogopa. Sitaona aibu kuuogopa."

"Pole sana, Mzee," akasema dereva mmoja. Mwingine akavua kofia.

Bi Geji aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Alilala nayo mapajani mwa baba yake akiwa mdogo, akaililia, akaisimulia shuleni. Mwaka wa pili chuoni, mwalimu akachora ubaoni mchoro wa tairi lisilo na upepo wa kutosha, akaonyesha jinsi joto linavyopanda, akaandika neno *kupasuka* na kulipigia mstari. Darasa lilinakili. Yeye aliomba ruhusa, akaenda msalani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka kipindi kikaisha. Miaka minane alikuwa ameibeba siri ile kooni kama mfupa wa samaki. Kila sikukuu, kila mgeni, hadithi ikisimuliwa, yeye aliondoa vyombo.

"Mteremko unatungoja," baba akasema, akiwaaga wasikilizaji wake. "Na wewe, binti yangu, usinune. Pacha angekuwa hai angekucheka, tena na hiyo diploma yako."

Akafungua mlango. Wifi akajifunga mtoto vizuri zaidi. Winchi ikapita barabarani, tupu, polepole, ikishuka.

"Baba."

"Nini tena?"

"Pacha hakuuawa na upepo mwingi."

Baba akabaki amesimama, mguu mmoja ndani ya gari.

"Tairi halipasuki hivyo kwa kuwa gumu. Linapasuka kwa kuwa legelege na kubebeshwa mzigo, mpaka linaiva. Hukumtolea kidogo mno, Baba. Ungemwacha kama alivyokuwa angeshuka. Aliuawa na upepo uliomtolea."

Kompresa kibandani ikajiwasha yenyewe, kama inavyojiwasha ikipungukiwa, ikanguruma peke yake weee, kisha ikajizima kwa mlio wa kufoka. Redio alikuwa ameshika bomba la mafuta hewani, hajui aliweke wapi.

Uso wa baba haukukunjamana. Hilo ndilo lililomtisha. Ulitulia ukawa kama uso wa mtu anayepiga hesabu ndefu, anaiona inakokwenda, na hataki kufika kwenye jibu. Akaangalia mikono yake, akaigeuza viganja juu. Kisha akaingia garini, akafunga mlango kwa upole ambao hawakuwahi kuuona kwake, akasema, "Tunakwenda."

"Baba, shuka."

Injini ikawaka.

"Wifi, shuka na mtoto! Mama!"

Wifi akashika kitasa, akamtazama baba mkwe wake kwenye kioo, akakiacha kitasa. Ukwe nao una uzito wake.

Bi Geji hakuwaza tena. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na kile kifunguo kidogo, kirefu kama kidole, cha kufungulia sindano ya valvu, ile inayozuia upepo usirudi nje. Akapiga magoti nyuma ya gari, kwenye lile tairi lenye uvimbe. Kifuniko kikaruka. Gurudumu lilikuwa limeanza kuzunguka, na valvu ikaanza kupanda juu, robo mzunguko. Akaifuata kwa mikono miwili, bega likigonga bampa, moshi ukimpuliza usoni. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Sindano ikachomoka na kupotelea hewani, na tairi likapiga ukelele ambao madereva wale waliusimulia mpaka bondeni. Upepo wake ulikuwa wa moto. Ulinuka mpira ulioungua.

Gari likaketi chini kwa nyuma kama mzee anayekaa kwenye kiti bila kutazama. Mtoto akaamka na kulia. Baba akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatulia hivyo.

Pikapu ya vitunguu ilikuja saa tisa kasorobo, imechelewa. Mama na wifi walibanwa mbele na mtoto, godoro likawekwa juu ya magunia. Baba alikataa hata kuwaaga. Walifika hospitali saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Mlango wa kliniki ya macho ulikuwa umefungwa na mfagizi anamwagia maji ngazi. Wakaandikiwa tarehe nyingine. Miezi mitatu mbele.

Kituoni, Bi Geji alilifungua lile tairi kwenye mashine. Alipolitenganisha na rimu likamwaga unga mweusi, laini, konzi mbili nzima; ulikuwa mpira uliojisaga wenyewe kwa ndani. Pale penye uvimbe nyuzi zilikuwa wazi, zimekatika, zimechanua kama kingo za gunia kuukuu. Redio alichungulia akasema, "Mungu wangu," bila utani wowote. Bi Geji akalibeba mikononi mpaka kwenye dirisha la gari, akaliinua ili baba aone ndani.

Baba alitazama mbele, kioo cha mbele, barabara.

"Angalia tu, Baba. Mara moja."

Hakugeuza shingo. Jua lilikuwa linampiga usoni na hakupepesa.

Jumamosi yake akaenda nyumbani. Alikuta kila kitu mahali pake, na hilo ndilo lililokuwa baya. Gari lilikuwa uani, tairi jipya limefungwa, limeoshwa linang'aa. Baba alikuwa ndani yake, kiti cha dereva, dirisha limeshushwa, mikono kwenye usukani. "Shikamoo, Baba." Kimya. Si kimya cha hasira, maana hasira za baba yake alizijua na zilikuwa na kelele. Alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na kuacha mapazia.

Mama alikuwa barazani anakunja nguo kwa kupapasa, anaoanisha soksi kwa unene wake. Wifi alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni.

"Anaingia humo asubuhi akishakunywa chai," mama akasema, bila kusubiri kuulizwa. "Anatoka giza likianza. Haendi popote. Juzi nimemsikia anahesabu. Nikadhani anahesabu siku za daktari wangu. Kumbe anahesabu kona. Anafika tisa, anaanza upya."

"Na jicho?"

"Jicho linachungulia kwenye bomba. Liache jicho." Mama akaweka soksi chini. "Keti. Na usinikatize."

Akaketi.

"Tairi nimelielewa. Huyu mkwe wangu amenieleza, na dereva wa vitunguu naye amenieleza, njia nzima, karibu aniuzie. Ulifanya lililo lako. Sijakununia. Hata jicho likizima, litazima nikiwa hai, na huyu mtoto anapiga maji hapa." Akashusha pumzi. "Lakini yale maneno, mwanangu. Mbele za watu. Miaka thelathini na tano nimelala pembeni ya mtu huyu, naamshwa na Pacha usiku, namwambia si kosa lako, si kosa lako, mpaka akaamini. Wewe umebomoa kwa dakika moja."

"Mama, ulikuwa unajua?"

Vidole vya mama vilitafuta soksi nyingine.

"Ulikuwa unajua."

"Mimi si fundi. Nilijua anahitaji kulala. Na asubuhi anahitaji kwenda kazini, na nyinyi mnahitaji kula." Sauti yake ikapungua. "Nenda pale dirishani. Maneno mawili tu. Mwambie ulikosea, ulisema kwa hasira, vitabu navyo hukosea. Hata kama hukukosea. Mwongopee. Mimi nimemwongopea maisha yote, sijafa."

"Wifi, fanya tu," wifi yake akasema, mtoto anateleza mikononi mwake kwa sabuni. "Kaka yako amepiga simu mara tatu. Anasema usipomwomba Baba radhi usimpigie tena."

"Na kaka anapima upepo vipi?"

Wifi akammwagia mtoto maji mgongoni.

"Nimekuuliza. Mkisafiri, mtoto nyuma, anapima vipi?"

"Kama alivyofundishwa," wifi akasema. "Tukisimama."

Upande wa uani kiti cha gari kikalia kidogo, kama mtu aliyegeuza mwili ili asikie vizuri zaidi. Bi Geji alisimama. Hakushuka ngazi. Aliongea kwa sauti ya kawaida, sauti ya kituoni, ile inayopenya injini mbili bila kupiga kelele.

"Nikienda dirishani nikamwambia nimekosea, Mama, ataniamini. Anataka sana kuniamini. Kesho atapiga magoti nyuma ya gari hilo, atapima likiwa la moto, atatoa. Kaka atatoa. Na huyu anayeoga hapa akikua atafundishwa kutoa. Utamwongopea nani utakapobaki peke yako?"

"Ni baba yako," mama akasema. Miwani ilikuwa imeteremka, na machozi yalikuwa yanatoka macho yote mawili, lile zima na lile linalokufa. "Nakuomba mimi. Sikuombi kwa ajili yake. Nakuomba kwa ajili yangu mimi."

"Nimesikia, Mama. Siombi radhi."